Simu Iliyomtaja Baba Mkwe

Kitu cha kwanza ninachofanya nikishika simu mpya ni kuikatalia. Inauliza kama inaweza kujua nilipo, nakataa. Inauliza kama inaweza kusoma majina ya watu wangu, nakataa. Inaniambia kwamba mpangilio huu ndio unaopendekezwa, na hapo hapo naubadilisha, hata kama sijui unafanya kazi gani. Nikishaubadilisha nitajua. Chuoni mhadhiri mmoja aliwahi kuniambia kwamba ugonjwa wangu ni kuuliza swali la pili kabla mtu hajamaliza kujibu la kwanza. Alikusudia kunionya. Mimi nilifurahi kama nimepewa cheti.

Nilirudi Gehandu, kijijini kwetu, baada ya chuo, nikisubiri ajira kama wenzangu wote, na haikuchukua muda nikapata kazi isiyo na mshahara: kutengeneza simu za watu. Sikuwa nazifungua na kuchomea waya. Watu walikuja na simu nzima, zinazowaka vizuri, wakilalamika kwamba zinakula bando, zinakata chaji kabla ya mchana, zinaropoka siri mbele ya wageni. Mama mmoja wa kwaya aliniambia simu yake ina pepo. Haikuwa na pepo. Ilikuwa na mipangilio iliyowekwa na mtu wa mbali, mwenye umeme ukutani na intaneti isiyoisha, ambaye hakuwahi kuwaza kwamba kuna mtu anachaji kwa sola ya kipande kimoja tena wakati mawingu yamekaa juu ya Mlima Hanang wiki nzima.

Nilikaa nao kwenye benchi nje ya duka la kijiji, nikiingia ndani ya simu zao kama mtu anayepekua nyumba ya jirani kwa idhini yake. Video za kwaya zilikuwa zinajipakua zenyewe kutwa, nikazizuia. Programu ya tochi ilikuwa imepewa ruhusa ya kutumia kipaza sauti; nikamwuliza mwenye simu tochi inataka kusikia nini, akacheka, kisha akaacha kucheka. Muuguzi wa zahanati, aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa wa pwani, alikuwa na simu inayoanika kila ujumbe juu ya kioo hata ikiwa imefungwa, na foleni nzima ya wagonjwa ilishajua kwamba mchumba wake humwita embe dodo. Nikamwekea ujumbe uingie bila maneno kuonekana mpaka aifungue mwenyewe.

"Kumbe ilikuwa inawezekana siku zote," akasema.

Sentensi hiyo inanikera mpaka leo. Ilikuwa inawezekana siku zote. Kwa nini basi kile kinachomlinda mtu kifichwe chumba cha ndani kabisa, nyuma ya milango mitatu, na kile kinachomwanika kiwekwe sebuleni? Nilimwuliza mwenye duka. Akasema mimi ni msomi, nijijibu mwenyewe, na kama sinunui kitu nisogee nimpishe mteja.

Nilikuwa naishi na bibi, mama yake baba. Baba ni mwalimu, alihamishiwa wilaya nyingine na mama akamfuata, hivyo nyumba ya zamani ikabaki na mimi na bibi, ng'ombe wachache na shamba la mahindi na maharage. Mambo ya ukoo yalikuwa mikononi mwa baba mdogo, mdogo wake baba, aliyehamia Dirma kwa ajili ya malisho na kuja kwetu kwa pikipiki kila alipoona inafaa. Bibi alikuwa na mtoto mwingine, shangazi yangu, aliyeolewa Singida. Kwa miaka mingi shangazi akitaka kuongea na mama yake alipiga simu ya baba mdogo, na baba mdogo akifika nyumbani alileta habari.

Alizileta zikiwa zimepunguzwa. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alikuwa anaona kwamba mama yake ni mzee, ana presha, na habari nzito zinahitaji kupitia kwa mtu mwenye mabega. Mwaka juzi shangazi alilazwa na kufanyiwa upasuaji. Alimwomba kaka yake amwambie mama amwombee. Baba mdogo akafika, akanywa chai, akasema, "Binti yako anakusalimia." Bibi alikuja kujua habari za upasuaji wakati kidonda kimeshapona, na hakuzijua kwa mtu yeyote wa nyumbani. Aliambiwa kanisani na mgeni.

Sikumwona akilia. Alimaliza kupepeta maharage, akaingia ndani, akakaa. Baadaye aliniambia kwamba kwa wiki kadhaa alikuwa akimwombea mtoto wake mzima apate mvua nzuri, na kumbe mtoto alikuwa juu ya kitanda cha hospitali.

Shangazi naye alipojua salamu ndizo zilizofika badala ya maombi, alinunua simu ya tachi na kuituma kwa basi. Alishaingiza majina yote ya familia kabla ya kuituma. Bibi aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka kwenye mfuko wa sweta lake la kijani, na kuanzia hapo mfuko ule ukawa hauna kitu kingine.

Tatizo likawa macho. Yana ukungu, na kwenye kioo cha simu hakuna cha kupapasa. Kila mahali ni laini sawa. Simu ilipolia alitelezesha kidole kila upande kama anayefuta vumbi, na mara nyingi alimkatia mtu badala ya kumpokea. Baba mdogo alishuhudia hayo mara mbili. Akasema simu ya namna hiyo kwa mzee ni mapambo. Akasema itakaa kwake Dirma, ikipigwa ataleta habari kama zamani. Bibi hakubishana naye; alishikilia tu mfuko wake. Mimi ndiye niliyebishana, na kwa kuwa mimi ni mtoto kwake alinijibu kwa masharti: akija Jumamosi ya sala ya jumuiya akakuta bibi bado hawezi kupokea simu mwenyewe, anaondoka nayo.

Kwa hiyo nilijua ninachopigania. Simu ile ikienda Dirma, bibi angerudi kuishi kwa salamu.

Niliingia kwenye sehemu inayoitwa Ufikivu, neno ambalo sijawahi kusikia mtu akilitamka kwa mdomo. Humo ndimo walimozika vitu vyote ambavyo bibi alihitaji. Nilikuza maandishi mpaka neno moja likajaza kioo. Niligeuza rangi, mandharinyuma ikawa nyeusi na herufi nyeupe, kwa sababu mwanga mweupe ulimuumiza macho. Nikaruhusu kitufe cha kuongeza sauti, kile cha ubavuni kinachoshikika, kiwe ndicho cha kupokea simu. Halafu nikapata kile nilichokiona kuwa taji la kazi yote: simu inaweza kutangaza kwa sauti jina la anayepiga. Nikauwasha mpangilio huo. Nilijiona fundi. Nilimwambia bibi, sasa huhitaji macho, itakuambia yenyewe ni nani.

"Itasema?" akauliza.

"Itasema jina."

Alinitazama kidogo, akauliza kama chai iko tayari. Nadhani alifikiri nimelikumbuka jambo ambalo kila mtu wa nyumba yetu analijua. Sikulikumbuka, kwa sababu mimi halinibani.

Kwa watu wa upande wa bibi, mwanamke akishaolewa hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Hawataji ndugu zake pia, wala wazee wa ukoo ule waliokufa. Hata maneno ya kila siku yanayokaribia majina hayo huyazunguka na kutumia mengine. Mama yangu alikulia Masieda, upande wa Mbulu, na alipoolewa huku alijifunza kwa bibi yapi aseme na yapi aache, kama mgeni anavyoonyeshwa njia za shamba. Wajukuu tuko huru. Tumekua tukiyapiga kelele majina hayo uwanjani bila kuwaza. Na baba mdogo, kitinda mimba wa bibi, amepewa jina la babu yake mzaa baba, yaani baba mkwe wa bibi. Ana jina la ubatizo, lakini hilo analitumia padri peke yake. Bibi amemzaa, amemnyonyesha, amemlea mpaka akaota ndevu, na jina lake hajawahi kulitamka. Anamwita Wa Mwisho.

Jumamosi ile jumuiya ilisali kwetu. Watu walijaa sebuleni, wazee kwenye viti, sisi wengine kwenye mikeka na mlangoni. Katekista alikuwa katikati ya maombi ya wagonjwa, ameshataja mama mmoja wa jirani na mtoto wa mwingine, watu wakiitikia, ndipo mfuko wa sweta la bibi ukaongea. Ilikuwa sauti ya mwanamke wa Kizungu, safi, haina haraka. Ikataja jina la baba mkwe wake. Ikatulia kidogo, ikataja tena. Kila mtu alilisikia na kulijua, ingawa ulimi ule ulikuwa wa mbali.

Bibi aliingiza mkono mfukoni. Kitufe nilikuwa nimemwonyesha, lakini simu ilikuwa imegeuka kichwa chini. Ikataja tena. Jirani yetu mzee, mwanamke aliyeolewa kwenye ukoo huo huo, alijiziba mdomo kwa kitenge kana kwamba ndiye aliyesema. Katekista akapoteza mahali alipofikia. Mwanamume mmoja pale mlangoni, wa ukoo mwingine, mtani wetu, hakuweza kujizuia.

"Yule mzee hakuingia kanisani akiwa hai," akasema, "leo kaja jumuiya."

Watu wakacheka. Hata mimi nilianza kucheka, kisha nikaona uso wa bibi. Simu ilinyamaza yenyewe. Alisimama, akasema samahani kwa wageni wake, akatoka nje. Hakurudi mpaka sala ilipokwisha na watu wakaondoka.

Aliyekuwa anapiga ni baba mdogo mwenyewe, alitaka kutuambia yuko karibu. Alifika na pikipiki watu wakiwa bado wanaagana, na habari ilimkuta barabarani kabla hajavua helmeti. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba akiwa haniangalii. Hakufoka. Alisema kwa utulivu kwamba simu imemwaibisha mama yake ndani ya nyumba yake mwenyewe, mbele ya jumuiya, na kwamba asubuhi, baada ya misa, anaondoka nayo. Kisha akaenda kuwatazama ng'ombe kama mtu aliyemaliza kesi.

Nilimkuta bibi nyuma ya zizi, amekaa kwenye gogo, mgongo kwa nyumba. Nayaandika maneno yake kwa Kiswahili, ingawa mengine aliyasema kwa lugha yetu.

"Bibi, wewe hukulitaja," nikamwambia. "Simu ndiyo imelitaja."

"Imelitaja ikiwa mfukoni mwangu."

"Ni mashine tu."

"Ni mashine yangu. Si ndivyo ulivyoniambia, kwamba ni yangu?"

Hapo nikamwaga yote niliyokuwa nayo, na nilikuwa nayo mengi, tangu nikiwa darasani. Nilimwuliza ni nani aliyeamua kwamba mwanamke ndiye anyamaze. Nilimwuliza kama babu, mume wake, aliwahi kukaa hata siku moja bila kulitaja jina la baba yake yeye, bibi.

"Alilitaja kila siku," akasema. "Alikuwa akiliapia."

"Na wewe hukuona ubaya?"

"Niliuona."

"Sasa?"

Ndama mmoja alikuja kunusa sweta lake, akamsukuma pua kwa kiganja.

"Wale walioniambia nishike mwiko huu wamekufa wote," akasema. "Hakuna anayenichunga tena. Nikiendelea kuushika ni kwa sababu nimetaka. Wewe unataka niuache. Simu nayo inataka niuache. Nyote wawili mmefika juzi."

Sikukubali, na sijakubali. Nilimwambia wazi kwamba mimi nikiolewa nitamtaja baba mkwe wangu kwa jina lake lote, la kwake na la ukoo, mezani, na atakayekasirika akasirike.

"Mtaje, mke mwenzangu," akasema. Huniita hivyo akinitania. "Huyo ni mkwe wako. Huyu ni wangu, na simu ni yangu."

Nikamwambia basi naweza kuizima ile sauti, isitangaze kitu. Akaniuliza ikinyamaza yeye atajuaje ni nani anapiga. Nikasema atabonyeza tu kitufe na kusikia. Akasema hafungui mlango kabla hajajua nani anabisha.

"Sijasema inyamaze," akasema. "Nasema iseme ninavyosema mimi."

Akaitoa mfukoni, akanipa. Nilikuwa nimeipekua ile simu kuanzia mlangoni mpaka stoo. Nilibadilisha rangi, ukubwa, vitufe, ruhusa. Majina sikuyagusa. Niliyaona kama ukweli uliokuja na watu wenyewe, kama vile mpangilio ni kila kitu isipokuwa jina. Mimi ninayeuliza kila kitu sikuwahi kuuliza kwa nini baba mdogo aandikwe vile anavyoitwa na dada yake na sio vile anavyoitwa na mama yake.

Tukakaa pale pale kwenye gogo kukiwa bado na mwanga. Nilianza kwa kubadilisha lugha ya ile sauti, nikamwondoa yule mwanamke wa Kizungu na kuweka ya Kiswahili. Kisha tukaanza majina. Nilisoma moja moja yale yaliyoandikwa na shangazi, na yale ya mwiko sikuyasoma, nilieleza tu ni nani, naye akasema yeye anamwitaje. Baba mdogo akawa Wa Mwisho. Shangazi akawa Aliyevuka Bonde. Shemeji yake wa Dirma, mzee anayesifika kwa kubisha hodi wakati chakula kinapakuliwa, akawa Mwenye Pua Nzuri, na bibi alinitaka niape kwamba haitamwambia mwenyewe. Baba yangu akawa Mwalimu. Tukafika kwa wale niliowaongeza mimi. Kuhusu jirani mmoja, nilimwuliza bibi nimwandikeje, akafikiri, akasema, "Huyo mfute."

"Bibi, si anakuja hapa kila siku?"

"Ndiyo maana. Akitaka kusema atakuja."

Muuguzi wa zahanati akawa Wa Presha. Mimi nilimwuliza niandike nini kwangu. Akasema, "Swali." Nikadhani anataka kuniuliza kitu, nikasubiri. Akasema, "Andika hivyo. Swali." Nikaandika.

Baada ya hapo nikasogea mpaka kwenye uzio, nikampigia. Sauti ya Kiswahili, ya kiofisi kidogo, ikasema kutoka mfukoni, "Simu kutoka kwa Swali." Akapapasa ubavu wa simu, akabonyeza, akaiweka sikioni. Nikakata, nikapiga tena. Mara nyingine alibonyeza kitufe cha chini badala ya cha juu na ikanyamaza. Nikaenda kuchukua uzi. Nilifunga uzi mwembamba wa sufi kuzunguka kava, mahali pa kitufe cha juu, ili kidole kipate kitu cha kukamata. Hakuna aliyeandika hilo kwenye mipangilio yoyote. Wazo la uzi lilikuwa langu, na najivunia.

Asubuhi tulikwenda misa sote. Baada ya misa baba mdogo alisimama uwanjani kwetu, helmeti mkononi, na kumwomba mama yake simu. Alisema kwa heshima. Alisema hamnyang'anyi, anamtunzia. Akakumbusha aibu ya jana, akakumbusha presha, akasema siku habari mbaya itakapotoka ghafla ndani ya mfuko huo na kumwangusha, watu watamwuliza yeye alikuwa wapi. Nilifungua mdomo. Bibi akanizuia kwa mkono bila kunitazama.

"Nenda pale kwenye pikipiki," akamwambia mwanawe, "unipigie."

Baba mdogo alinigeukia mimi. "Umemfundisha maigizo."

"Nenda," bibi akasema.

Akaenda. Pikipiki ilikuwa upande wa pili wa uwanja, karibu na ghala. Tulimwona akitoa simu, akibonyeza, akituangalia. Mfuko wa sweta ukasema, "Simu kutoka kwa Wa Mwisho." Haikuwa kubwa, lakini uwanja ulikuwa kimya na alisikia. Nilimwona akiinua kichwa. Bibi aligusa uzi, akabonyeza, akaweka simu sikioni.

"Nakusikia," akasema.

Hapo nilitarajia amwambie haya, umeona, njoo tule. Hakumwambia hivyo. Aliendelea kushika simu, na mwanawe kule ng'ambo ya uwanja naye akabaki ameishika, maana mama yake hajakata.

"Dada yako alipasuliwa," bibi akasema ndani ya simu, "mimi nikaambiwa ananisalimia."

Sikusikia alichojibu. Alikuwa ametupa mgongo, mkono mmoja juu ya kiti cha pikipiki. Aliongea kwa muda mrefu, yeye ambaye kwa kawaida habari zake huisha kabla chai haijapoa. Bibi alisikiliza, akiitikia taratibu. Nilivyomfahamu baba mdogo, yale aliyokuwa akiyasema asingeweza kuyasema akiwa amemtazama mama yake usoni, na labda bibi alilijua hilo alipomtuma kule.

"Hata kama ningeanguka," bibi akasema mwishoni. "Ningeanguka mimi. Simu inabaki."

Akakata. Baba mdogo alirudi kuchukua koti alilokuwa amelitundika mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu na hakutaka kuulizwa.

"Wa Mwisho," akasema. "Mtu mzima mimi, na ndevu zote hizi."

"Hata ukiota mvi," bibi akamjibu.

Hakusema kwamba amekubali. Alisema tu kwamba yeye ameshasema, likitokea la kutokea asitafutwe. Bibi akamtakia safari njema. Akawasha pikipiki, akaondoka bila simu.

Mimi nilikuwa nimejaa ushindi. Nilianza kumweleza bibi mambo mengine tutakayobadilisha, namna ya kuzuia namba za matapeli, namna ya kupunguza matumizi ya chaji. Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa ameshika simu mbele ya uso wake, akiigeuza.

"Hii ikilala inaamshwa na nini?" akauliza.

"Inafunguliwa kwa alama ya kidole."

"Kidole cha nani?"

Kilikuwa changu. Siku simu ilipofika nilijaribu kuweka cha kwake, ikakataa, nikaweka changu ili kazi isilale, na tangu siku hiyo kila alipotaka kuona picha za wajukuu wa Singida aliniita. Nilimweleza hivyo.

"Na kidole chako kinafanya nini ndani ya simu yangu?"

Nikampa sababu. Zilikuwa sababu nzuri. Nikasema akiugua ghafla lazima kuwe na mtu anayeweza kuifungua. Nikasema ukija ujumbe mrefu lazima kuwe na mtu wa kuusoma. Nikasema kuna matapeli.

"Hayo ndiyo aliyokuwa akiniambia mwanangu pale kwenye pikipiki," bibi akasema.

Nikaingia kwenye mipangilio, sehemu ya kufuli. Tukaanza na dole gumba lake. Simu ikasema tujaribu tena, tukajaribu, ikakataa. Jembe na mchi wa kinu vimesugua mistari yote pale mpaka ngozi imekuwa laini kama kioo chenyewe. Kidole cha shahada kikakataliwa. Cha kati kikakataliwa. Tukahamia mkono wa kushoto. Bibi alikuwa akiinua kidole na kukiweka kwa subira, kama anayemlisha ndama anayegoma. Kidole cha mwisho, kile kidogo ambacho katika kazi zote za maisha yake kilikuwa kimening'inia pembeni, ndicho kilichokubaliwa.

Kisha nikaenda kwenye cha kwangu. Nilibonyeza pa kufuta. Simu ikaandika, kwa zile herufi kubwa nilizoziweka mwenyewe, swali lililojaza kioo chote.

"Inauliza nini?" bibi akasema.

"Kama nina uhakika."

"Una uhakika?"

Nikabonyeza ndiyo. Akaichukua, akazima kioo, akanipa.

"Weka kidole chako."

Nikaweka. Ikatetemeka kidogo mkononi mwangu na kukataa.

"Weka tena."

Nikaweka tena, ikakataa tena. Bibi akacheka, kwa mara ya kwanza tangu jana yake, akaitia simu mfukoni na kwenda kuwafungulia ndama.